Straiki ya Tatu ya Chege

Komarock, Nairobi
Jumatano, 11 Juni 2025

Kwa ndugu yangu Chege,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kuwa kofia yangu ya refa, ile ya uso wa waya niliyochomelewa na fundi kwa rafu ya friji kuukuu, imestaafu rasmi leo asubuhi. Kutu imeimaliza. Imepokelewa na mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa bado imebonyea pale ulipoipiga ngumi.

U hali gani, ndugu yangu? Wanja na mtoto hawajambo? Na vile vidole viwili, bado havikunjiki? Nasikia huko Industrial Area unabeba magunia kwa bega moja. Pole sana. Sisi huku tu wazima, ila vumbi.

Ujumbe wako niliupata. Umesema kamati ya ligi inakaa Jumamosi kuamua kama utafungiwa maisha, na kwamba katibu, Bi Kavata, ameshakwambia ile ngumi itasamehewa ikiwa refa mwenyewe ataandika kuwa alikuonea. Umesema ukifunguliwa utapewa kuwafundisha wasichana wa huku Komarock, na hilo ndilo pekee ulilobakiwa nalo kwenye besiboli. Umeniita hata mheshimiwa. Hapo nilirudia kusoma mara tatu.

Zamani hukuniita hivyo. Uliwatangazia watu wa Muthurwa kuwa mimi ni refa wa bando: nimesomea sheria kwenye simu, na bando la intaneti likiisha na sheria zimeisha. Walicheka. Hata yule mama anayechoma mutura alicheka, na yeye hajui besiboli ni mnyama gani.

Basi niieleze siku yenyewe, maana nakala ya barua hii nampelekea Bi Kavata. Ilikuwa zamu ya mwisho ya timu yenu kupiga. Alikuwa ametoka mtu mmoja kati ya watatu wanaomaliza zamu, na Wanyonyi wenu amesimama besi ya kwanza. Wale wachaguzi wawili wa timu ya kwenda Kampala walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki na nafasi moja tu mkononi, yako au ya mshindani wako Githinji, nao walishakwambia kuwa ukifika besi, ni yako. Ulikuwa na straiki mbili, mipira miwili uliyoikosa, na ya tatu humtoa mpigaji. Ya tatu ukapiga hewa, tena kwa nguvu zote, nikaona aibu kwa niaba yako.

Lakini mpira ukamponyoka Abdiqani, mdakaji wa Komarock, na uwanja mzima ukapiga kelele kuwa kimbia, buda, kimbia, kwa kuwa kila mtu anajua straiki ya tatu ikimponyoka mdakaji, mpigaji hukimbilia besi ya kwanza. Ukakimbia. Mpira ukakugonga mguu, ukaruka kando, Abdiqani akaufuata kwa magoti. Wanyonyi akasogea besi ya pili, nawe ukasimama ya kwanza umeinua mikono kama umeshapanda basi la Kampala.

Nikakunja ngumi, ishara ya kumtoa mtu. Nikatangaza kuwa umemzuia mdakaji, kwa hiyo umetoka. Abdiqani mwenyewe, kijana muungwana, alikuja kuniambia kuwa hujamzuia. Nilimwambia akavae glavu yake. Ukaja mbio kunieleza sheria, nami nikakuuliza kama umeisoma kwa bando. Ndipo ukanipiga ngumi ya uso. Rafu ya friji haikuvunjika. Vidole nilivisikia. Githinji akaenda Kampala. Picha alizituma nyingi.

Sasa nilichokiona. Nilikuwa hatua moja nyuma ya Abdiqani. Mpira ulidunda kifuani mwake, ukakurukia kisigino ukiwa umeshaupa mgongo. Mpira uliomgonga mdakaji kisha ukamgusa mpigaji si kosa, isipokuwa kama mpigaji amemzuia waziwazi. Wewe hukuzuia kitu. Sheria hiyo niliijua kwa moyo, na niliikumbuka kabla sijainua mkono. Nilikutoa kwa sababu ya lile jina la bando na kicheko cha mama wa mutura. Nilikuonea, Chege. Bi Kavata na asome hapa kwa sauti.

Nisalimie Wanja, umwambie chapati zake sijazisahau. Mtoto mbusu kwa niaba yangu. Na vidole uvikande kwa maji moto.

Ni mimi nduguyo,
Mugo,
Refa

NB: Jana nilienda saiba, kwenye kompyuta za kulipia, kuchapisha kitabu kizima cha sheria, ili niambatanishe ukurasa wa kumzuia mdakaji. Kuhusu bando ulisema kweli: kuna ukurasa ambao haukuwahi kufunguka kwenye simu yangu. Unasema straiki ya tatu ikimponyoka mdakaji wakati kuna mtu besi ya kwanza na hawajatoka wawili, mpigaji hana ruhusa ya kukimbia. Huwa ameshatoka palepale alipokosa. Ukurasa huo pia nimemwambatanishia Bi Kavata. Wanyonyi alikuwa besi ya kwanza, na alikuwa ametoka mtu mmoja.