Siri Niliyokupa Kisiwani

Goweko,
9 Novemba 1974

Binamu Tobias,

Huku mvua zimeanza, na dada Pelagia amejifungua mtoto wa kiume. Mama bado anakohoa.

Juzi niliikumbuka safari yetu ya Juni, tulivyotoka Tabora na mabegi mgongoni, tukidandia malori kupitia Puge mpaka Mwanza. Unaikumbuka ile siku tuliyopanda mtumbwi wa tanga asubuhi, tukashinda kisiwani? Mchanga ulikuwa mweupe, unaunguza nyayo. Mwenye mtumbwi alilala kivulini, nasi tukaogelea mpaka tukachoka. Hapo ndipo nilipokuambia kwamba baba hataki kuhamia kijiji kipya, na kwamba amejenga kibanda porini, ng'ambo ya mto.

Ukasema, "Hilari, siri yako ni yangu."

Wiki iliyopita mgambo walikuja. Hawakumuuliza mtu njia. Walikwenda moja kwa moja kibandani, wakakichoma moto, wakamleta baba huku kijijini ndani ya lori. Mbali na baba na mimi, aliyekijua kibanda kile ni wewe tu. Sasa nasikia umepewa ukatibu wa chama.

Baba hajui. Jana, amekaa chini ya turubai tunakoishi, aliniambia, "Tobias angekuwapo, angetutetea. Yule anajua kuzungumza na wakubwa."

Niliinama nikachochea moto. Sikumwambia, wala sitamwambia. Siku utakapokuja utamwamkia, naye atakuitikia marahaba kwa furaha. Hapo utamwambia mwenyewe.

Ni mimi niliyegawana nawe shuka moja safari nzima,
Hilari