Programu Iliyoshinda Mutihani ya Bukari

Yaya Kavira, jambo sana huko Goma ulikobakia!

Tangu vita vituhamishe na depo yetu ya malori huku Lubumbashi, hatujue dereva gani iko wapi. Basi nikaleta programu tatu za bei ndogo, zile unajipangia visanduku vya maulizo mwenyewe mu telefone, bila fundi wa kompyuta. Mama Mukubwa, bosi wetu, akazijaribu akikula bukari, ugali yetu ya kila siku: mukono ya kuume mu sahani, kidole gumba cha kushoto mu telefone. Mbili zikamushinda. Ya tatu iliendelea hata mutandao ilipokatika.

"Hii!" akasema, mudomo imejaa.

Kisanduku cha kwanza alichoomba si cha muzigo. Kinauliza: "Uko muzima?" Jina yako tumeiweka kati ya madereva, hata kama hauendeshe lori. Bonyeza "ndiyo" kila asubuhi, Yaya. Usipobonyeza, Mama Mukubwa hagusi bukari.

Mudogo wako, Paluku