Bangili ya Babu Yako na Hiyo Sumaku

S.L.P. 48,
Bariadi,
Shinyanga.
11 Agosti 1996

Mpendwa mjukuu wangu Luhaga, mume wangu mdogo,

Mwangaluka. Hujambo huko ng'ambo kwenye baridi? Unapata ugali au wanakulisha majani? Sisi wazima. Goti linauma, lakini si geni. Mama yako Milembe amepona kifua. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ngumbaru sikwenda kusinzia.

Pamba imetoka. Siku hizi wanunuzi wengi kama inzi, kila mmoja na mzani wake, ghala la ushirika limebaki la popo. Baba yako mdogo Mashimba anainunulia kampuni moja ya watu binafsi, na maneno yake yameongezeka.

Barua yako nimeisoma mara nne, sijaielewa. Unasema ubongoni kuna kitu kidogo kinachopeleka habari ya maumivu, kimeungwa kama shanga kumi na moja kwenye uzi. Unakitia majini, maji kwenye kichupa chembamba, kichupa kwenye tumbo la sumaku kubwa kama tangi. Mnakipiga kwa mawimbi kama ya redio, shanga zinajibu, mnajua ipi jirani ya ipi na uzi umejikunja vipi. Halafu unasema uzi wenyewe hautulii. Kitu kisichotulia utajuaje umbo lake? Tena miaka mitatu kwa shanga kumi na moja. Shangazi yako Salu nilimtungia za kiuno mia mbili kwa siku mbili.

Kosa langu, nilimsomea Mashimba pale ulipoandika kwamba chuma hakiingii kwenye chumba cha sumaku, kwa hiyo bangili ya babu yako umeivua, iko kwenye droo. Akasema, "Mama, huyo mtoto yuko uchi." Akaenda kwa mfumu, mganga wetu wa kuagua, kuku akapasuliwa, akasomwa: marehemu babu yako amekasirika, mtoto arudi. Jumamosi ukoo unakaa kukuandikia uache masomo. Nikaona mfumu na wewe ni wale wale, ila wewe huna kuku.

Siku tatu sikujua nishike lipi. Bangili nilikuvisha mimi ikulinde, nikakwambia usiivue. Nilikukasirikia hadi mboga nikaipika bila chumvi.

Jana ng'ombe wa jirani yetu Mayala alishindwa kuzaa, wakaingiza mkono kumvuta ndama. Hapo nikakumbuka. Babu yako akitaka kuvuta ndama alivua bangili kwanza. Hakuiweka chini hata siku moja. Alinipa mimi, nikaivaa mpaka amalize, anawe. Mashimba anajua, ndiye aliyekuwa anashika kamba. Kwa hiyo kuvua si kosa. Kosa lako ni droo, mpumbavu wewe.

Jumamosi nitawaambia hivyo. Usirudi. Itume kwa rejista, niivae mimi. Mkono wangu umekonda, nitaifunga na kitambaa isidondoke. Maliza shanga zako, ndipo uje uichukue.

Mama yako, Salu na dada yako Kabula wanakusalimu. Mungu akutangulie humo kwenye chumba nisichokielewa.

Bibi yako akupendaye, hata akikufokea,
Justina