Sauti Tuliyoifuta

Mpendwa mdogo wangu,

Juzi mama aliniuliza jambo, na tangu hapo sina raha. Nakuandikia wewe kwa kuwa hapa nyumbani sina wa kumwambia.

Unakumbuka mlivyorekodi ile albamu, wewe na mwalimu wa sekondari, yule wa bara mpiga gitaa? Mlishuka katika birika kavu la maji ya mvua chini ya nyumba yetu hapa Mkomani, mkitafuta mwangwi. Roki ya kiza, ukaniambia, tamthilia ya mji uliokufa watu wote, na kila maiti anasimulia yaliyomfika. Maiti wote ulikuwa wewe. Bibi harusi ulimwimba kwa sauti nyembamba ya kukatikakatika, kadhi ukamwimba kwa kukoroma kutoka tumboni. Wimbo mmoja ulianza nikitia mchele chunguni, ukaisha tumeshakula. Bi Zena wa nyumba ya pili alidhani umepagawa, akakuletea kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji ya kunywa. Ulilinywa lote kwa adabu, ukamshukuru, kisha ukarudi birikani kupiga mayowe. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Na nilijivuna pia, sijui kama nilikwambia.

Kisha homa ikakuchukua, kijana mzima wewe. Baada ya khitma yako mama aliniita chumbani.

"Kila mtu azisikizapo nyimbo zile, nduguyo huongezewa dhambi kaburini," alisema. "Zifute zote, mwanangu. Mwondolee adhabu."

Mama aliyefiwa habishiwi. Isitoshe, mimi mwenyewe niliogopa. Nikamwendea mwalimu, naye akashika kichwa.

"Dada, hii ndiyo kitu pekee alituachia," akaniambia. "Lakini mama ni mama. Nitatoa."

Akaiondoa mtandaoni. Tukafuta kwenye kompyuta yake na kwenye simu yangu, hata vipande vya mazoezi, mlipokuwa mkibishana na kucheka. Mashabiki wenu wanaiulizia mpaka leo, naye hawajibu.

Niliamini tumekupumzisha. Bado naamini, siku nyingine. Siku nyingine nakukasirikia wewe: kwa nini hukuimba kasida tu kama wenzako?

Basi juzi nilikuwa namsuka mama nywele. Akasema bila kunigeukia, "Sauti yake imenipotea. Sura naiona, sauti siipati." Kisha akaniuliza, "Hukusaza hata kipande? Hata ile ya maiti. Mimi tamjua."

Nilimwambia nilifuta zote, kama alivyotaka.

"Umefanya vyema, mwanangu," akaitika. Nikaendelea kusuka, na kichwa chake kikitetemeka mikononi mwangu.

Mola akulaze pema, mdogo wangu. Ukipewa ruhusa, mjie mama ndotoni useme naye neno lolote, kwa sauti yoyote.

Ni mimi,
Dadako