Ile Ndoo Moja ya Asali

Kamwene Tumaini, mjukuu wangu. Huku Njombe baridi imeshika, shangazi yako anavuna viazi, na mgongo wangu usiuulize.

Unataka kujua nilianzaje kuwatembeza wageni kwenye mizinga. Miaka ile serikali iliporuhusu biashara huria, nilichanganya asali ya mizinga yote kwenye ndoo moja, maana wanunuzi wa Makambako walitaka rangi moja. Siku moja nikampeleka mgeni kwenye maporomoko ya maji, njiani nikamwonjesha. Akauliza, "Hii ni ya ua gani?" Mimi mrina asali, sikujua! Tuliwafuata nyuki mpaka jioni tukilitafuta ua lenyewe, maporomoko tukayasahau. Sikuchanganya tena, na wageni nikaanza kuwapeleka mizingani.

Nakutumia chupa mbili za asali, sijaziandika kitu. Onja, kisha njoo likizo unionyeshe maua yake.

Babu yako