Ukuta wa Bibi Kabla ya Mvua

Jumatatu, 3 Novemba
Mwalimu Ntsekhe ameniazima kamera ya shule mpaka Alhamisi. Leo saa saba mchana nimeupiga ukuta wa nyumba ya bibi, picha kumi na tisa. Aliuchora Pasaka, kwa vidole na uma, tope na samadi vikiwa bado vibichi. Agosti akafariki. Hatuna picha yake hata moja. Vidole vyake vimebaki hapo tu — na mvua za mwaka huu zikianza, zitavifuta.

Jumanne, 4 Novemba
Aibu. Picha zote ukuta mtupu, hata mstari hakuna. Lereko akauliza mbele ya darasa kama nimepiga nyumba au ugali. Nikacheka nao kidogo, nisionekane nimeumia. Nilidhani mwanga mwingi ndio mwanga mzuri. Mwalimu anasema jua la utosini linafuta vivuli. Nisubiri lichomoze mlimani, lipite ukutani kwa ubavu. Mwanga huo hudumu robo saa tu.
Nimekula peke yangu nyuma ya maktaba. Bibi ndiye aliyenisikiliza nikisoma. Sasa nasoma kimya.

Jumatano, 5 Novemba
Mawingu tangu alfajiri. Nimesimama uani bure.
Jioni kanisani wote wameomba mvua; ardhi ngumu, jembe haliingii. Mimi nimechezesha midomo tu. Moyoni: bado, Bwana, siku moja.
Njiani shangazi 'Malineo akaniuliza, "Wewe binti, mbona amina yako haikutoka?" Nikamwambia habari ya ukuta. Akasema:
"Bibi yako aliuchora ili ufutwe. Ni ombi lile, kwa waliotangulia. Mvua ikiufuta, wamejibu. Sasa wewe unataka wasijibu?"


Alhamisi, 6 Novemba, saa kumi na moja na nusu alfajiri
Nimekaa juu ya ndoo, kamera shingoni. Mlimani pamepasuka ufa mwekundu. Nyuma ya nyumba, wingu jeusi. Naandika huku nikisubiri.
Jua limegusa paa. Ukuta bado.
Tone. Jingine.
Shangazi ametoka bila viatu, blanketi begani, amekinga viganja. Analia, au anacheka. "Inuka, mwanangu. Bibi yako amejibu, njoo umpokee."
Mwanga umeshuka hadi juu ya dirisha. Mistari imeinuka — na maji yanaifuata. Kalamu mkono huu, kamera mkono huu. Sijapiga. Sijainuka