Mawe Yenye Alama za Meno Yangu

Malaba,
Agosti 1976

Kwa ndugu yangu Paulinus,

Nakusalimu kwa mikono miwili, maana mmoja hautoshi kulizunguka hilo tumbo lako la Busia. Hujambo lakini? Goti limeacha kulia kama mlango wa kanisa? Na kuku wako wazima? Sisi wagane hatuna wa kuuliziwa zaidi ya kuku. Huku kwetu ni wazima. Wimbi limekubali shambani, malori yamejaa barabarani mpaka mbuzi hawana pa kuvukia, na mimi bado naamka mwenyewe bila kushikwa mkono.

Nina habari, na inamhusu Leonida. Usishtuke. Nakukumbusha tu kama mtu asiyejua: Leonida, yule mjane anayepika ajon nyuma ya stesheni, ambaye pombe yake nimeinywa tangu mavuno hata siku ambazo sina kiu. Wewe ndiwe niliyekufanya mshenga wangu, kwa sababu ulimi wako ulisoma mpaka darasa la sita na wangu uliishia la pili, pale mwalimu aliponikuta namwiga anavyotembea.

Unaijua na redio aliyoachiwa na marehemu mume wake. Tangu azikwe ilikaa bubu. Leonida alisema angependa kusikia tena salamu za Jumapili na matangazo ya vifo, ajue nani amemtangulia. Basi nikauza jogoo, nikanunua mawe mapya ya redio, hizo betri kama mnavyoziita huko mjini, yakiwa bado yamevaa karatasi zake, nikakupa umpelekee. Nikakutuma umwambie: Opolot anasema nyumba yako isikae kimya. Maneno hayo niliyapika siku nyingi, bwana.

Siku hiyo hiyo ukaona mawe yangu mazee juu ya bati, yanaota jua. Nilikuwa nimeshayauma yote, kama tunavyofanya sote, ili nguvu iliyojificha isogee mbele. Ukaniomba nikupe, ati utayaanika kwako yakusaidie kwenye tochi. Nikakupa. Yahya fundi redio alikuwa amekaa nasi, akasema tunajisumbua, nguvu haimwagwi ndani ya jiwe kama maji mtungini. Ati mle ndani kuna dawa inayokula bati lake polepole, na kule kulana ndiko kunakozaa stima. Bati likishaliwa, jua linaamsha masalio tu. Nikamjibu kwamba basi mimi na hayo mawe tumezaliwa tumbo moja, kwa sababu Leonida naye ananiamsha masalio. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Nikangoja jibu. Halikuja. Kila nikikuuliza unasema mwanamke hakimbizwi.

Juzi nikavaa koti, nikaenda mwenyewe. Redio niliisikia tangu njiani, inaimba kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Moyo ukacheza. Nikaingia nikamwambia, mama, naona mawe yangu yanafanya kazi. Leonida hakucheka. Alikwenda jikoni, akarudi na kikopo, akamwaga mawe miguuni pangu. Akasema, mzee, mawe yako ni haya. Yaliongea asubuhi moja, yakazimika katikati ya jina la marehemu fulani, mpaka leo hajui ni nani alikufa. Akasema hajaona mwanamume wa kumposa mwanamke kwa makombo yenye mate.

Nikaokota moja. Paulinus, mtu anaweza kukana mtoto lakini hawezi kukana meno yake. Alama, alama, kisha pengo. Pengo lile ulinipa wewe, uliponiangusha na baiskeli ya katekista. Nikamwuliza haya yanayoimba yametoka wapi. Akasema yaliletwa na Paulinus, Jumapili iliyofuata, kwa huruma yake, yakiwa bado yamevaa karatasi. Na kwamba Paulinus alimwomba amsamehe Opolot, ndivyo alivyo, mkono wake ni wa birika tangu utoto.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza, siwezi kumsingizia, hata mrija wa ajon alinipa. Kisha akasema: kama si wewe bahili, basi ni wewe uliyemtuma mwizi akusemee. Mume wa namna hiyo, siku nikiugua atamtuma nani akaniletee dawa? Akasema hanitaki, na wewe pia usirudi. Mawe mapya amebaki nayo, kwa kuwa redio haina kosa.

Usidhani nakuandikia kwa ajili ya mwanamke. Leonida ana mdomo wake na ameutumia vizuri. Lakini nilipotoka pale nilianza kucheka peke yangu, maana ni kisa kitamu, bwana: mzee mzima kushtakiwa na meno yake mwenyewe! Nikatembea nikikipanga, wapi nitanyamaza kidogo, wapi nitaiga sauti yake. Nilikuwa nimeshapita soko nikielekea Busia ndipo nikakumbuka kwamba nakuja kukusimulia wewe. Nikakaa chini kando ya barabara. Dereva mmoja wa lori akanipigia honi, akaniuliza, mzee, umefiwa?

Leonida sikuwa naye bado, kwa hiyo hukuniibia Leonida. Umeniibia mtu wa kumsimulia.

Nisalimie majirani zako, na mwambie Yahya bei ya kazi yake ni kali lakini mdomo wake ni safi. Mungu akulinde njiani, ila njia hiyo isiwe ya kuja kwangu.

Ni mimi niliyekuwa ndugu yako,
Methuselah Opolot